Mpira wa Tochi ya Kuzamia

Fundi redio hulamba kila mpira wa kuzuia maji kabla ya kuufunga, eti ulimi huona chembe ya mchanga ambayo jicho halioni. Wateja humtania kwamba iko siku atakula redio ya mtu. Leo ameulamba mpira wa tochi ya kuzamia, aliyoiunda mwenyewe kwa bomba la maji na taa ya pikipiki. Akaupaka grisi, akauvisha pale waya unapoingilia, akakaza nati kwa vidole visivyojua kutetemeka, kisha akaizamisha tochi ndooni. "Inavuja," akasema, akaifungua upya, kama jana, kama juzi. Mzamiaji anamsubiri mlangoni, maana bila taa hataona kitu kwenye shimo la machimbo lililojaa maji, alikotumbukia mdogo wake fundi wiki iliyopita.

Fundi alipoizamisha tena, mzamiaji alisogea akainama juu ya ndoo. Maji tuli, hata kiputo hakuna, na tochi inawaka kule chini.

"Kaka, mbona haivuji?"

Fundi hakumtazama. Aliitoa tochi, akauchomoa ule mpira usio na kasoro, akaukata kwa kisu.

"Haya, sasa inavuja. Kamwambie mama tochi bado, aendelee tu kumwekea mdogo wangu chakula."