Gome la Upande wa Mawio

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kabla sijamenya hata tangawizi moja. Nilikuwa nimetoka Arua, Uganda, mwaka ule Juba iliposherehekea uhuru, nikaajiriwa na Mama Kiden, mkuu wa safu ya dawa za miti shamba katika soko la Custom. Alinipeleka nyuma ya nyumba yake mtaa wa Hai Jalaba, kwenye mwarobaini, akanipa kisu. Kwa kimbelembele changu nikaanza kuchuna gome kuzunguka shina zima.

"Wewe nataka kuua mti?" akafoka. "Kata kipande ndogo, upande moja. Halafu paka matope. Kidonda ikifunga, ndiyo unarudi hapo."

Vijana, hiyo ndiyo sheria ya kuchuna. Mti ukizungushwa kisu hufa umesimama. Gome tulilianika kivulini, maana jua kali huliharibu, tukalitwanga na kulichanganya na tangawizi. Tuliuza kama dawa ya kuongeza kinga, lakini Mama Kiden hakuwa mwongo wa sokoni. Mteja akija na homa, alimfukuza.

"Hii dawa ni fensi tu. Kama mwizi iko ndani tayari, enda hospitali!"

Wateja walinuna, mimi nikacheka hadi machozi. Kucheka naye ndiko kulikonisahaulisha kwetu. Baadaye alinipandisha cheo, nikawa natembeza kapu mtaa wa Thongpiny kwa watu wa maofisi, ambao walitaka nguvu ya mwarobaini bila uchungu wake. Nilijiona bosi.

Kisha vita vikaja. Risasi zilipotulia, Mama Kiden akafunga virago kukimbilia kambini Uganda na wajukuu wake. Mimi Mganda nikabaki Juba kulinda nyumba yake, kwa sababu nyumba tupu wakati wa vita hupata wenyewe wapya. Kabla ya kuondoka alikata kipande cha gome upande wa mawio, akapaka matope kwa kiganja.

"Hii ikifunga, mimi iko hapa. Kalas, basi."

Mwanzoni tulipigiana simu. Siku moja ikapokewa na mtu mwingine, asiyemjua. Niliuliza kila aliyetoka kambini, hakuna aliyekuwa na habari. Nikaendelea kuuza peke yangu, na kila asubuhi nilikagua kidonda kile. Kilikuwa kikifunga kutoka pembeni, polepole, nami nikafurahi kama mjinga.

Sasa nimestaafu. Magoti yamegoma na meza yangu ya Custom ina mwenyewe mwingine. Sitawaficha, upweke unaniuma kuliko magoti. Gome lilifunga zamani, mvua zikapita juu yake, na Mama Kiden hajarudi.

Juzi nilinoa kisu, nikakata tena pale pale, upande wa mawio, nikapaka matope. Lile gome sikulitwanga wala kulichemsha. Sheria inaruhusu kurudia palipopona. Sasa kidonda ni kibichi, na Mama Kiden bado ana muda.