Titi la Kitambaa
Mtaani walimwita Fundi tu, hata mumewe. Kwa miaka thelathini alikuwa amepima vifua vya nusu ya wanawake wa pale, akajua nani kanenepa na nani ana mimba kabla mwenyewe hajatangaza, na siri zote hizo hazikumtoka mdomoni.

Ila kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Alipokuwa bado anajifunza cherehani, mama yake alimletea blauzi aipanue upande wa kushoto, inambana. Akaipanua. Miezi miwili baadaye mama akairudisha, upande uleule. Akaipanua tena, akajisifu jinsi mshono ulivyonyooka, asiulize neno. Mama alikuwa akisema titi haliumi, basi si ugonjwa. Walipomfikisha hospitali, madaktari hawakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo nesi wa zahanati alipokuja kuomba nafasi ya kufundisha wanawake kujikagua matiti, Fundi hakumwacha amalize. Nesi alikuwa na picha za karatasi.

"Mikono haijifunzi kwa picha, dada nesi," akasema. "Niachie mimi."

Akashona titi. Nje kitambaa laini cha bitana, ndani pamba na vipande vya sponji, na humo akaficha vitu vitano: kunde, punje ya hindi, shanga, kifungo cha shati na mbegu ya ndimu. Wakaanza kuzunguka nalo, saluni, bombani, sokoni. Wanawake walicheka mpaka machozi, wakamuuliza kama anauza na ya akiba. Kisha mmoja alipofumba macho na vidole kuanza kutafuta, kicheko kilikatika chenyewe. Kila mara Fundi alipigwa na bumbuazi. Mikono ileile ya kufua na kukwangua masufuria ilikuwa na akili ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza kitu.

"Vidole ni mwanzo tu," nesi alirudia kila mahali. "Ukikuta kitu, njoo hata kama hakiumi. Na ukifika arobaini njoo upimwe, hata kama hujakuta kitu."

Walikwenda wengi. Aliyekataa ni dada yake Fundi mwenyewe, muuza nafaka, ambaye soko zima lilimwita Baadaye kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila jambo. "Baadaye, mdogo wangu. Nina wateja."

Fundi angemwacha na ubishi wake, kama si ile siku ya kumpima gauni. Futikamba ilipofika kifuani, dada aliushika mkono wake. "Andika kipimo cha zamani," akasema. Miaka thelathini, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Fundi aliandika, lakini safari hii aliogopa. Kumpoteza mama kulitosha.

Kesho yake mchana alikwenda sokoni na nesi, akaliweka titi juu ya gunia la mchele.

"Sikulazimishi kwenda popote, dada. Kuna vitu vitano humo. Vitafute."

"Mimi unanipa mtihani wa vidole?" Dada alikuwa mtu wa kuchambua mchele huku anapiga soga, macho yako barabarani, na mawe yanatoka. Akalichukua titi bila kulitazama. "Kunde. Hindi. Hii shanga. Kifungo. Mbegu ya kitu, ndimu."

Hakuna aliyewahi kuvipata vyote mara ya kwanza. Wanawake wa meza za jirani wakasogea. Lakini vidole vya dada havikusimama.

"Na hiki?"

"Hakuna kingine," Fundi akajibu.

"Kipo. Kama punje ya ufuta, huku chini karibu na mshono."

Fundi akabonyeza, hakusikia kitu. Nesi akabonyeza, hakusikia kitu. Fundi akapandwa na hasira ya kufundishwa kazi yake mbele za watu, akatoa mkasi, akafumua. Ndani ya mshono, pale pale, palikuwa na fundo la uzi. Yeye, anayewagombeza wanafunzi wake kwa kuacha mafundo, alikuwa ameacha lake.

Wanawake wakasongamana kulitazama. Nesi alilishika lile fundo kwenye kiganja na kutikisa kichwa kwa mshangao. Fundi alisisimka mwili mzima, aibu yote ikamwisha. Alikuwa ameishi na mikono ile tangu azaliwe, na hakuwahi kuijua.

Dada peke yake hakuonyesha furaha. Alikuwa anavitazama vidole vyake.

"Kwa hiyo havinidanganyi," akasema taratibu.

"Havijawahi, dada."

"Basi kile changu si mawazo."

Akainuka, akavuta turubai juu ya magunia. Mteja aliyekuwa anasubiri kilo mbili za mchele akauliza atahudumiwa lini.

"Baadaye," dada akamwambia, akamfuata nesi.

Kivimbe chake kilikuwa kidogo kuliko ile kunde, na kilikuwa bado hakijasambaa. Hospitalini wakakitoa, akatibiwa miezi kadhaa, akarudi kwenye magunia yake amekonda na mbishi vilevile. Siku moja akaingia kibandani kwa Fundi, akainua mikono yote miwili, ule wa upande wa kidonda ukipanda polepole.

"Lile gauni langu," akasema. "Andika kipimo kipya."