Sentensi Kumi na Mbili za Mwalimu Mshale

Wanafunzi walimwita Mshale kwa sababu kila alipobandika mchoro ubaoni aligonga mishale yake kwa rula na kufoka, "Fuata mshale! Mshale haudanganyi. Mwongo ni wewe."

Alifundisha katika ghorofa ya pili ya chuo kidogo, juu ya duka la vioo, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Watu wazima walipanda ngazi hizo kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na waajiri wa ng'ambo. Kilichowatoa jasho zaidi ni lile swali ambalo mtahiniwa hupewa mchoro wa jambo la maumbile, pengine mvua inavyopatikana au mbegu inavyokuwa mti, akatakiwa aueleze kwa maneno mia na hamsini.

Mshale alikuwa na dawa yake: sentensi kumi na mbili alizozitunga mwenyewe ujanani, za kukariri neno kwa neno. Ya kwanza ilisema kwamba mchoro huu wa kuvutia unatufunulia siri ya kale ya maumbile. Ya mwisho ilimwacha binadamu ameduwaa mbele ya siri hiyo. Katikati unachomeka tu unachopewa, kama ni maji, kama ni nyuki. Kwa miaka kumi na mmoja hakubadilisha hata nukta.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusimamishwa. Aliyeandika vibaya kuliko wote alisimama mbele ya darasa, insha yake ikasomwa kwa sauti. Nesi, muuguzi wa wodi ya watoto aliyekwisha pita miaka arobaini, alisimama Jumamosi nane.

"Hebu sikilizeni haya," Mshale alisema siku moja, karatasi ameishika kwa ncha za vidole. "'Jua linapasha bahari joto. Maji yanakuwa mvuke. Mvuke unapanda.' Mama, hii ni insha au cheti cha mgonjwa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Nimeandika kilichopo, mwalimu."

"Kilichopo! Na sentensi zangu je?"

"Hazikai kichwani. Nazikariri zamu nzima, asubuhi zimeshatoka."

"Zitakaaje, na kichwa chenyewe ndoo iliyotoboka? Hata nikikuazima ubongo wangu utanirudishia umechacha."

Waliocheka kwa nguvu zaidi walikuwa wale walioogopa Jumamosi inayofuata. Hawakumchukia Nesi. Walitaka tu kuonekana wako upande wa rula.

Nyumbani Mshale hakuwa mtu mwingine. Mkewe alikuwa msimuliaji mzuri zamani, lakini mume alimkata kauli katikati ya kila hadithi, mbele ya wageni, amsahihishe neno. Mwishowe mama huyo alibakiwa na jibu moja kwa kila jambo: "Haya."

Kisha mkuu wa chuo akamwita ofisini.

"Mwalimu, kuna utaratibu mpya. Anayefundisha darasa la mtihani lazima awe ameufanya mtihani wenyewe na kupata alama saba. Mwisho wa muhula nione cheti chako. Vinginevyo darasa nampa mwingine."

"Mkuu, mimi ndiye ninayewafundisha hao wenye vyeti!"

"Basi haitakusumbua."

Hakuwahi kuufanya hata mara moja. Alijiandikisha kwa tarehe ya karibu, ambayo wanafunzi wake tisa nao walikuwa wameichagua. Siku ya mtihani, mlangoni akamkuta Nesi.

"Mama, umekuja kusindikiza wenzako?"

"Nimekuja kufanya mtihani, mwalimu. Kama wewe."

Mchoro ulikuwa wa chura. Mshale alitabasamu, akazimwaga sentensi zake zote kumi na mbili. Nyuma yake wanafunzi wanane walizimwaga zilezile. Nesi peke yake aliandika kwamba mayai huanguliwa majini, kwamba kiluwiluwi huota miguu ya nyuma kwanza, kwamba mkia hupungua, na kwamba chura hurudi majini kutaga.

Matokeo yalipotoka, Nesi alipata saba na nusu. Matokeo ya wale wanane yalizuiliwa, na ya Mshale pia. Barua yake ilisema jibu lake linafanana na majibu ya watahiniwa wengine wa chumba kile, hivyo anashukiwa kunakili. Akitaka kujitetea, alete maelezo ya mtahiniwa asiyehusika.

Asiyehusika anayezijua sentensi zile alikuwa mmoja tu.

Alimkuta wodini akikunja mashuka, kina mama wameketi vitandani na watoto wao.

"Dada yangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Niandikie mistari miwili tu. Kwamba sentensi zile ni zangu."

Nesi alifuta mikono, akachukua kalamu, akaandika bila haraka, akampa. Ilisema: "Nilisoma kwake miezi minne. Sentensi zile ni zake. Alitulazimisha kuzikariri ili tuzipeleke kwenye mtihani. Aliyeshindwa kuzikariri alisimamishwa mbele ya wenzake."

Mshale alibadilika rangi. Sheria za mtihani zilikataza majibu ya kukariri, naye alizijua vizuri. "Dada, hii itanimaliza."

"Nimeandika kilichopo."

"Nakuomba, hiyo mistari ya mwisho uifute."

"Simama wima, mwalimu. Isome kwa sauti."

Alifikiri akitii atahurumiwa. Akasoma.

"Sauti! Wa kitanda cha mwisho hasikii."

Akasoma tena. Mama mmoja akacheka, wengine wakamfuata bila kujua wanacheka nini. Alipomaliza, Nesi alirudi kwenye mashuka yake. Hakufuta neno. Halikuwa jambo jema, na alilijifunza mahali panapojulikana.

Maelezo yale ya Nesi Mshale hakuyapeleka. Mwisho wa muhula darasa likapewa mwingine. Siku hiyo alirudi mapema, akaketi mezani, akamweleza mkewe yote: mtihani, wodi, kicheko, kazi iliyokwenda. Alieleza kirefu, na hakuna aliyemkata kauli. Kisha akangoja neno lolote la kumpoza.

"Haya," mkewe akasema, akaondoa sahani.