Kaseti ya Fidla Kutoka Mpale

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu aliniuliza najua nini. Nikamjibu, "Kuimba, mzee." Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mdomo mwepesi, nikadhani nachekesha. Hakucheka. "Waimbaji wako ndani ya redio," akasema. "Wewe kaa kimya usikilize."

Ndivyo ufundi redio ulivyofundishwa Korogwe enzi zetu, ninyi wa simu hamuwezi kujua. Kabla ya kushika bisibisi, unasikiliza. Ikikwaruza ukiongeza sauti, kuna vumbi kwenye kitufe. Ikinguruma mfululizo, kapasita imekufa, kile kikopo kidogo kinachotuliza umeme. Kaseti ikiimba kama mtu aliyejifunika blanketi, hedi ni chafu. Hedi ni kale kachuma kanakosoma mkanda, unakapangusa kwa pamba na spiriti. Nilipangusa hedi mpaka nikawa nanuka hospitali.

Enzi za Mzee Ruksa ndiyo zilikuwa zimeanza, biashara imefunguliwa. Mitumba kila kona, redio za Dubai zinashushwa kwenye mabasi, aliyevuna mahindi vizuri anataka yenye deki mbili za kaseti. Mimi nilikuwa mtu wa dansi. Muziki wa fidla nyingi usio na mwimbaji niliujua kwa kazi moja tu: redio ikikatisha vipindi na kuupiga huo, ujue kuna mkubwa kafariki.

Ndipo akaja bibi mmoja kutoka Mpale, redio kaifunga kwenye kanga kama mtoto.

"Karibu mchumba," nikamwambia.

"Mchumba gani na hayo masikio yametangulia mbele yako? Niitie mkubwa wako."

Akamweleza Fundi Mkuu. Marehemu mume wake alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la mkonge. Meneja alipenda santuri za okestra, zile laini za kunywea chai. Mpishi naye akazipenda. Siku moja akaiweka redio yake mbele ya spika, akarekodi kwenye kaseti. Sauti yake mwenyewe iliingia humo kwa bahati mbaya, maneno machache tu.

"Uso wake ninao," bibi akasema. "Sauti inaniondoka. Kila nikiamka naona imepungua. Na hii haichezi tena."

Fundi Mkuu akaifungua kaseti. Mkanda ulikuwa umeota ukungu mweupe. Akaufuta taratibu kwa pamba, akaurudisha. "Bibi, hii inaweza kukatika muda wowote."

"Icheze."

Nikabonyeza. Spika ya kujaribia ilikuwa kibarazani, na fidla zikatoka mpaka barabarani. Nikaona watu wanasimama. Muuza nyanya akajitanda kanga kichwani. Muuza mitumba akavua kofia, akaja mpaka mlangoni, kaniinamia.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Ni kaseti ya bibi."

"Usitufiche, kijana. Nani?"

Wakazidi kuja, wamenyamaza kabisa. Mchana kweupe, jua kali, na mji umetulia kama umeambiwa kitu. Fidla zikashuka chini, zikabaki zile nene peke yazo. Hapo hapo, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya sikio langu, mwanaume akanong'ona:

"Mama Zaina, taratibu."

Kisha mlango ukalia, ukafungwa polepole.

Nikageuka. Mlango wetu ulikuwa wazi, umezuiwa na jiwe kama kila siku. Muuza mitumba naye alikuwa anautazama.

"Ananiambia nisibamize, anarekodi," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Huyo anayefunga ni mimi."

Redio ikaanza kutafuna mkanda. Fundi Mkuu akaizima, akauchomoa. Ulikuwa umekunjamana kama utumbo.

Tuliunyoosha kwa vidole, tukauhamishia kwenye kaseti mpya kwa deki mbili. Nikapewa visikilizio vya masikioni nimtafute yule mtu. Nilikaa hapo hadi wengine wakaenda kula, wakarudi. Fidla zilishuka vizuri. Zile nene zikabaki. Mlango ukalia, ukafungwa. Yeye hakuwepo.

"Rudisha," Fundi Mkuu akasema. Nikarudisha. Hakuwepo. Bibi aliufungaje mlango taratibu kama hakuna aliyemwambia?

Nikamvalisha bibi visikilizio. Akafumba macho. Zilipofika zile nene, midomo yake ikacheza, na akatikisa kichwa kumkubalia mtu.

"Umemsikia?" nikauliza.

"Sasa ninajua anapopita," akasema. "Inanitosha. Na wewe jirekodie moja ubaki nayo, masikio yako yapate kazi."

Baadaye nilipelekwa Mkata, kwenye tawi la duka letu, chini ya Msimamizi wa Tawi, mtu mkali aliyetukataza kula miwa mezani. Kisha nikafungua meza yangu Handeni. Wamasai waliniletea redio zenye vumbi la malisho, nikazipangusa. Kila meza niliyokalia, ile kaseti ilikuwepo. Mwanzoni nilikuwa namwinda mtu. Ili umsikie mtu humo, lazima uzijue fidla zote: zile nyembamba zinazokimbizana juu, filimbi inayochungulia na kujificha, nene zinazotembea chini kama wazee wenye heshima. Nikajikuta nangoja filimbi. Nikaanza kuwaomba wenye santuri za zamani waniazime. Dansi ikanichosha, maana ilikuwa inajibu kila kitu upesi mno.

Nimestaafu. Siku hizi nani anapeleka redio kwa fundi? Mjukuu kaniwekea okestra za kila aina kwenye simu, na ninazipenda kweli, wala siyo uzee. Lakini baada ya chakula cha mchana naicheza ile ya Mpale. Ikishuka kwenye zile nene, huwa naacha kutafuna.

"Umekwamwa na mfupa?" mke wangu huuliza.

"Hapana. Ngoja mtu apite."

Alizoea kunicheka. Siku hizi naye anaweka kijiko chini.