Sauti ya Msimamizi Kwenye Spika za Kanisa

Hii habari nilitaka izeeke ife yenyewe, lakini Mama Divine anaisimulia kila harusi, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, juzi nikasikia eti nilitolewa nikiwa nalia. Sikulia. Kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe jinsi nilivyoaibika, maana niliaibika kweli, hilo sikatai.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja hapa Kigali. Mtandao wote wa ile ofisi nimeuvuta kwa mikono yangu, kebo kwa kebo, nikipanda juu ya dari na sketi hii hii, lakini cheti sikuwa nacho. Nilichosoma ni masomo ya jioni, baada ya kazi, kabla ya kupika, mwalimu anaeleza na mimi nasinzia macho wazi (huo ni ujuzi, mama wa watoto wanne ataelewa). Sasa bosi akasema kitengo cha mtandao kitapata mkuu wake, na huyo mkuu lazima awe na kile cheti cha kimataifa, atakayekileta kabla mwezi haujaisha nafasi ni yake, basi. Tulikuwa wawili wa kuigombea, mimi na Patrick, kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kubana kebo. Sisemi kwa uchungu. Nasema tu.

Mtihani wenyewe unaufanyia popote, kwa kompyuta yako, halafu kuna msimamizi huko mbali sijui nchi gani anakutazama kwa kamera na kukusikiliza. Sharti lake ni chumba kitulivu, uwe peke yako, usiseme neno. Nyumbani kwangu hapakai kimya hata mtu akifa. Nikawaza, nikapata akili: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, watu wote wako kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wanalima mitaro na kufyeka, magari hayapiti, mafundi wa jengo la jirani hawagongi nyundo, na kanisani kuna kachumba ka maombi na intaneti nzuri (najua ni nzuri, niliiweka mimi). Mume wangu, Baba Keza, akakubali kwenda umuganda kwa niaba ya nyumba yetu, mchungaji akanipa ufunguo, na hapo ndipo nikafanya kile kikosa kidogo kilichozaa vingine vyote: sikumwambia mtu mwingine yeyote. Mimi, ambaye hata nikiumwa jino natoa ombi kwa akina mama wenzangu wa kanisani, safari hii nilinyamaza. Nilijiambia, wakijua watafunga na kuomba kanisa zima, halafu nikianguka, nitakuwa nimeanguka mbele ya kanisa zima.

Basi nikafika, nikavua viatu mlangoni kama tunavyofanya tukiingia chumba cha maombi, nikajifungia. Nilidhani nitamaliza kabla umuganda haujaisha. Wapi. Foleni ya mtandaoni, subiri, subiri, nikasubiri hadi nikamaliza kusali yote niliyokuwa nayo, na msimamizi alipokuja, mwanaume mwenye sauti nzito na Kiingereza cha haraka, akaanza kukagua. Kalenda ya kanisa ukutani, itoe, ina maandishi. Nikaitoa. Kitambaa cha meza, kitoe. Nikakitoa.

Katikati ya hapo sauti yake ikafifia ghafla, nikawa namsikia kwa mbali kama mtu aliye nje ya ukuta. Nikasema huyu yuko mbali, mtandao umechoka, nikabonyeza kuongeza sauti. Bado mbali. Nikaongeza hadi mwisho.

Jamani. Kompyuta ile ndiyo ninayopigia nyimbo za ibada kila Jumapili, na mimi mwenyewe, kwa ufundi wangu, niliipanga ijiunge na spika za kanisa bila waya, yenyewe, pindi spika zinapowashwa. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Na wakati ule akina mama walikuwa wametoka umuganda wakapitia kanisani kufanya usafi wa Jumapili, wakawasha spika wapate nyimbo za kufanyia kazi. Badala ya nyimbo wakapata mwanaume.

Mama Divine ndiye kiongozi wetu, amekulia Kampala, Kiingereza anakijua, na ndiye aliyewatafsiria wenzake neno kwa neno: "Anasema funga mlango. Anasema uko peke yako? Anasema vua miwani. Anasema vua saa." Wakatazamana. Halafu spika ikanguruma tena na Mama Divine akashika kichwa: "Mana yanjye, Mungu wangu, anasema pandisha mikono ya blauzi."

Wakazunguka kutafuta huyo mtu yuko wapi, wakafika mlango wa chumba cha maombi, wakaviona viatu vyangu. Viatu vyangu wanavijua wote.

Mimi huko ndani sijui lolote. Mtihani ulikuwa umeanza, na ulikuwa unaenda vizuri, swali baada ya swali nayajua, moyo umetulia, ila nina tabia ya kusoma Kiingereza kwa kunong'ona, na katikati ya maswali naweka ka-"Yesu nisaidie", basi msimamizi akasema, "Mama, acha kusogeza midomo. Nakuona." Hapo nje nasikia kishindo cha watu. Mlango ukagongwa.

"Mama Keza, iko nani ndani?"

Sasa nijibu nini? Nikisema neno, mtihani umekufa. Nikakaza macho kwenye skrini, nikajibu swali la mtandao, nikanyamaza.

"Mama Keza, tunajua uko humo. Viatu ni vyako."

Nikanyamaza. (Kunyamaza kwangu, niliambiwa baadaye, ndiko kulikowamaliza kabisa.) Wakamtuma mtu kumwita mchungaji, akaja na ufunguo wake mwingine, na mlango ukafunguka wakaingia wote, akina mama na mabuti ya matope, majembe mkononi, Mama Divine mbele na panga la kufyekea majani, na nyuma yao mume wangu akitweta, maana hata yeye walikuwa wameshampigia.

"Mwanaume yuko wapi?" akauliza Mama Divine.

"Yuko kwenye kompyuta," nikasema.

"Wote wanasema hivyo."

Na hapo msimamizi, aliyekuwa anaona yote kwa kamera, akasema kwa sauti iliyojaa kanisa zima hadi uani, "Mama, uko salama? Niwaite polisi?" Kisha bila kungoja jibu akasema mtihani umekatishwa. Skrini ikawa nyeupe.

Mchungaji akakumbuka kwamba ufunguo alinipa yeye kwa ajili ya mtihani, akajipiga paji la uso, akawaeleza. Hakuna aliyecheka. Mama Divine akaweka panga chini polepole, akaokota kalenda akairudisha ukutani, ikakaa upande. "Ungetuambia tu, dada," akasema. Baba Keza akanibebea kompyuta hadi nyumbani, njia nzima akitazama pembeni, na karibu na lango letu mabega yake yakaanza kutikisika, nikamwambia cheka tu, akacheka hadi akakaa chini.

Jumatatu, siku ya mwisho ya mwezi, Patrick alileta cheti. Mimi sikuwa nacho, nafasi ikawa yake, na bosi hakuwa na kosa, alishasema. Ripoti ya msimamizi iliniokoa kidogo, iliandika kwamba nilivamiwa, wenye mtihani wakanipa siku nyingine, nami nikaomba kuufanyia kwenye kituo chao, Remera karibu na Gisimenti. Nilikuwa nimechoka, sina haja tena ya kumshinda mtu, ila kitu nilichokianza huwa sikiachi njiani.

Safari hii niliwaambia wote. Walikuja kweli, wakakaa nje ya jengo kwenye ngazi, na nilipotoka na karatasi ya kufaulu niliwakuta wamejipanga, kimya, midomo imebanwa.

"Mbona hamsali?" nikauliza.

"Tunasali," akasema Mama Divine, karibu bila kufungua mdomo. "Tunaogopa yule bwana atatuona."

Sasa nina cheti, Patrick ana kiti, na mimi bado napanda juu ya dari. Lakini nimeapa: sauti ikififia, siongezi tena kabla sijaenda kuangalia inasikika wapi.