Siku Niliyomfuta Tantine Bea Mbele ya Bokilo

Sijui kwa nini naisimulia tena hii, maana kila nikiisimulia masikio yananiwaka moto, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia mdogo wangu Kavira, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi, na mwishowe mnaweza kudhani mimi ni mtu mbaya kumbe ni mjinga tu.

Bon. Ilikuwa siku ya dot ya huyo Kavira, siku ya mahari, hapa hapa nyumbani kwetu Makiso, Kisangani. Sisi wazazi wetu walitoka Butembo kufuata biashara, na mimi nina duka la jumla la babouche, zile kandambili za plastiki ambazo nusu ya Kisangani wamevaa sasa hivi (asanteni). Bwana harusi, Dido, kwao ni Yanonge, watu wa mtoni, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Baba yake alishafariki zamani, kwa hiyo aliyesimama mahali pa baba ni shangazi yake, Tantine Bea, mama mmoja mpana, mwenye sauti ya kuita mtu toka ng'ambo ya pili. Katika ukoo wao shangazi ndiye anayemfunga bibi harusi kitenge cha kumpokea, na mpaka akifunge, hata kama mbuzi ameshakabidhiwa na watu wamekunywa, maneno hayajaisha. Mama yangu alinivuta pembeni asubuhi akaniambia taratibu: "Ule mama, umuheshimie sana. Akikasirika, Kavira hana bwana."

Nikasema ndiyo Mama. Nilikuwa nasikia kwa sikio moja tu, maana akili yote ilikuwa kwenye kamera.

Kamera nilikuwa nimeinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kampala, imetumika kidogo tu, na kila mteja aliyeingia dukani nilimtajia kwamba ina megapikseli ishirini na nne, yaani kila picha imeshonwa kwa nukta milioni ishirini na nne, hata kama yeye alikuja kutafuta babouche namba arobaini na mbili. Aliyeniuzia alinieleza vizuri kabisa: kwenye menyu kuna picha kubwa, ya kati na ndogo, na kwa album ya nyumbani ndogo inatosha na kubaki, kubwa waachie wanaotengeneza mabango. Sasa asubuhi ya dot nimesimama mbele ya kioo, suti imenikaa, nafungua menyu, nakutana na neno hilo, ndogo, likanikera. Dot ya dada yangu wa pekee niipige ndogo? Mimi, mtu mzima wa duka la jumla? Nikaweka kubwa kuliko zote, tena ile ambayo kamera inahifadhi kila picha mara mbili, moja ya kawaida na moja nzito ya mafundi, ambayo hata kompyuta yangu haikuwa na namna ya kuifungua. Kidole kimoja kilibonyeza, na msiba wangu ukaanza hapo.

Nikaanza kujaribu mtambo. Nikapiga masufuria, nikapiga makreti ya vinywaji, nikapiga viti vilivyopangwa, halafu (naomba msicheke kwanza) nikampa binamu kamera anipige mimi, mkono mfukoni, mkono nje ya mfuko, miwani usoni, miwani mkononi, kiwiko kimeegemea makreti kama waziri anayezindua daraja. Nilishapanga moja niikuze, niitundike sebuleni.

Bokilo wakafika, ndivyo tunavyowaita wakwe huku, nao wanatuita vivyo hivyo, wakitembea toka bandarini kwa nyimbo, na mbuzi, na chumvi, na vikapu vya samaki wa kukaushwa, na Tantine Bea mbele. Kumbe mama huyu anapenda picha kuliko mimi. Alisimama wima kama wa pasipoti, "Piga, bokilo." Nikapiga. "Piga tena, nilifunga macho." Nikapiga. Na kikapu, bila kikapu, na Dido, bila Dido, na mimi kwa kukumbuka maneno ya Mama nikawa nabonyeza tu.

Hotuba zikaja, Tonton Freddy, mjomba wetu, ameshika mikro, kipaza sauti, na haachii, mbuzi akakabidhiwa, watu wakapiga makofi, na hatimaye Tantine Bea akaanza kukunjua kitenge. Picha yenyewe sasa! Picha ambayo Kavira aliniomba wiki nzima! Nikainua kamera, nikabonyeza, kimya. Kwenye kioo imeandikwa kadi imejaa.

Jasho lililonitoka hapo lingejaza beseni. Kadi ya pili ilikuwa dukani, kwenye droo, na nilifikiria kurukia toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, lakini mpaka mtu apige pedali kwenda na kurudi kitenge kingekuwa kimeshafungwa zamani. Donc, nikajua lazima nifute. Hapa ndipo penye aibu yenyewe, sikilizeni vizuri: ningeweza kufuta masufuria, ningeweza kufuta mimi na suti yangu, lakini nikajiambia, hapana, ile ya makreti imetoka vizuri mno, na masufuria pia yana mng'ao, bali huyu Tantine ana picha nyingi za kufanana, akipungukiwa mbili tatu hatajua. Nikajigeuza pembeni, nikaanza. Futa? Ndiyo. Futa? Ndiyo.

Sikujua kwamba Tantine Bea alikuwa ananingoja mimi. Alikuja na kitenge chake mkononi kuniuliza kama asimame juani au kivulini, na akabaki nyuma ya bega langu, anaangalia.

"Bokilo, ule mama wa kikapu, si ni mimi?"

"Ni weye, Tantine."

"Alafu anaenda wapi?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema: "Napunguza kidogo tu, Tantine, nafasi haiko."

Na kamera, kwa roho mbaya yake, ikasogea yenyewe kwenye picha inayofuata, na inayofuata ilikuwa mimi, kiwiko kwenye kreti, miwani usoni.

"Weye uko," akasema polepole. "Mimi siko."

Tonton Freddy alikuwa hatua chache tu na mikro yake, na Mungu alimnyima kunong'ona. "Kuko nini pale? Photographe anafuta bokilo?" Spika zikapeleka maneno hayo mpaka barabarani. Nyimbo zikakatika. Watu wa Yanonge wakasimama, mmoja akamshika mbuzi kamba kana kwamba anarudi naye. Tantine Bea akakunja kitenge vizuri, akakiweka kwenye kiti, akakikalia.

"Mvua ilitupiga kwenye mayi ya mto, tukaja," akasema, na safari hii hakupaza sauti hata kidogo. "Baba ya Dido hayuko. Leo mimi njo baba yake. Kama mimi sionekane kwa picha, mutoto wetu alikuja kuoa peke yake, hana mutu."

Niliumia. Nasema kweli, mpaka hapo nilikuwa naogopa tu, lakini aliposema hivyo niliona haya ya ndani kabisa, na nilipomwangalia Kavira, amekaa na mikono mapajani, machozi yanamlenga, nikatamani kadi ile initafune na mimi.

Tonton akaniwekea mikro mdomoni. "Eleza batu."

Jaribuni nyinyi kueleza megapikseli kwenye spika mbele ya wakwe waliokasirika. Nikasema picha ni nukta, ukiweka nukta nyingi picha inakuwa nzito, inakula nafasi, lakini faida yake ni kwamba unaweza kuikuza mpaka ifunike ukuta mzima na bado kope za mtu unazihesabu.

Koko mmoja, mzee wa upande wa Dido, akainua mkono. "Ukuta ya nani?"

"Hakuna ukuta, koko. Ni album."

"Album iko namna gani?"

Nikamwonyesha kiganja changu.

"Alafu sababu gani ulipiga ya ukuta?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Tonton Freddy, ambaye ni damu yangu na bado sijamsamehe, akasema: "Leta tuone nini ilijaza kadi." Kamera ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea akasoma kwa sauti: sufuria, kreti, photographe, yaani mimi mpiga picha, photographe na miwani, photographe bila miwani, sufuria tena. Aliyeangua kicheko cha kweli ni Kavira mwenyewe, bibi harusi anayepaswa kuinamisha macho, akacheka mpaka kilemba kikalala upande, na uwanja mzima ukamfuata. Midomo ya Tantine Bea ikatikisika. Akajikaza. Ikatikisika tena.

"Futa yeye," akasema.

Nikasimamishwa katikati, na kila nilipofikia picha yangu, Yanonge na Butembo wote kwa sauti moja: "Futa!" Nikafuta. "Futa!" Nikafuta ya waziri na daraja lake. Nikafuta masufuria. Kisha nikaingia kwenye menyu nikaweka ndogo, mbele ya mashahidi.

"Sasa unipige tena," Tantine akasema, "zote." Na zote kweli, na kikapu na bila kikapu, pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, inapoa, watoto wanalia njaa, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Halafu ndipo akatoa kitenge chini yake, kimepata joto, akamfunga Kavira kiunoni kwa mikono miwili, akamvutia kifuani, na mimi nikabonyeza.

Album ikatoka. Picha za kiganja, za nukta milioni sita, na kwa ukubwa ule hata milioni mbili zingetosha. Maua ya kitenge yanaonekana moja moja, pengo la jino la Tantine Bea linaonekana, maana safari ya pili alikuwa anacheka, wakati zile kubwa nilizofuta alikuwa amekunja uso kama askari wa kituo. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia imepungua kitu. Suti yangu tu ndiyo haimo popote katika sherehe ya dada yangu.

Nilijifunza, jamani. Kabla ya kuuliza kamera inaweza kiasi gani, uliza picha itakaa wapi. Na niliapa kwamba harusi nyingine ya ukoo huu mimi nitabeba viti.

Kiapo hicho kilidumu mpaka juzi. Tantine Bea alinipigia simu toka Yanonge, anamwozesha binti yake, na hakusalimia: "Bokilo, unakuja, na unanipiga mimi mbele ya bibi harusi." Nikasema nitakuja, Tantine. Kamera iko tayari kwenye ndogo, na hata akitoka amefumba macho, simfuti.