Mkono Ambao Baba Aliuinua

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, binti yangu alitandaza kazi yake ya shule kwenye meza ya jikoni, hapa kwetu Louisville. Ilikuwa picha ya zamani, iliyochongwa kwenye bamba la chuma kisha ikachapwa kwa wino mweusi: Seneti ya Marekani ikijadili utumwa, miaka michache kabla watu wa nchi hii hawajaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Mzee mmoja amesimama anahutubia, wengine wamekaa. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi achague mtu mmoja pichani, aandike alikuwa akiwaza nini.

Binti yangu hakumchagua msemaji. Alimchagua mwanamume wa pembeni aliyeshika shavu, macho chini. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama babu yake naye hakuwa mjumbe wa baraza kule Burundi.

Nikamweleza nilichowaeleza watu tangu tukiwa kambini Tanzania, na hata hapa, mbele ya madhabahu: baraza la tarafa yetu lilikutana kuamua majirani gani si wa kuaminiwa, na baba akasimama, akapinga. Nilikuwa na miaka tisa.

"Alisema maneno gani?"

Sikujua. Nikampigia mama, anayeishi Buffalo na dada yangu, nikaiweka simu mezani sauti ikiwa juu ili mtoto amsikie mwenyewe.

Nikamuuliza baba alisema maneno gani siku ile. Kabla ya kujibu, mama akauliza nani mwingine anasikiliza. Nikamwambia. Ningeweza kupunguza sauti wakati ule, sikupunguza.

"Baba yako hakusema kitu," akasema. "Waliambiwa wanaokubali wainue mikono, naye akainua."

Nilimwambia anasahau, kwamba ni uzee. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mama yake mbele ya mjukuu. Aliniacha nimalize, ndipo akaendelea taratibu. Baba alirudi akakataa kula. Asubuhi yake alikwenda kwa jirani yetu kumwonya akimbie. Jirani, ambaye tulikuwa tukila naye, hakumfungulia mlango. Alikwishasikia habari za ile mikono. Siku ya tatu nyumba yake ilichomwa, yeye na mkewe wakiwa ndani. Sisi tukavuka mpaka.

"Basi nani aliniambia baba alipinga?"

"Mimi. Tulikuwa tumetoka kumzika baba yako kambini, ukawa unalia, hutaki kunyamaza. Ningekwambia nini, mwanangu?"

Binti yangu alinitazama, akaniuliza polepole kama achague mtu mwingine pichani. Nilitamani kusema ndiyo. Nilimwambia aandike juu ya huyohuyo, na kama anataka amtaje babu yake, aandike alivyosikia.

Wiki nzima sikumpigia mama. Kiwandani Jeffersontown nilifunga maboksi bila lebo, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi nikitoka kazini nilimkuta binti yangu jikoni, simu sikioni, karatasi mkononi. Alikuwa akimsomea bibi yake alichoandika, akikitafsiri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila alipokwama alisimama, na mama, kutoka Buffalo, akampa neno analolitafuta. Nilivua viatu, nikavuta kiti, nikakaa karibu nao.